Shimo la Sita

Nimeandika uongo mmoja tu tangu nianze kazi ya udongo, na uongo huo una urefu wa sentimita mia moja na ishirini. Najua kipimo chake kwa sababu kupima ndiyo kazi yangu. Shimo lilichimbwa sentimita sitini, mimi nikaandika mia na themanini. Tofauti hiyo ndiyo iliyobomoa lambo la watu, na ndiyo iliyomfanya mtu mzima, muadhini wa msikiti, aonekane mvivu mbele ya kijiji chake.

Naitwa Mwamvita. Kwetu ni Masaki ya Kisarawe, siyo ile ya matajiri wa Dar es Salaam. Nalazimika kueleza hivyo kila ninapojitambulisha, na bado watu huniangalia viatu kwanza. Nilikulia kwenye mihogo na mikorosho nikijua udongo wa aina mbili tu, unaozaa muhogo na usiozaa. Chuo ndicho kilichonifundisha kwamba udongo una tabaka, kwamba rangi zake zina namba, na kwamba kila udongo una jina na ndugu zake kama mtu. Sasa nimepanga chumba Misugusugu, na wakati wa mambo haya nilikuwa nimeajiriwa na kampuni ndogo ya kupima ardhi pale Kibaha mjini. Tulikuwa wanne. Bosi wetu, Evodius, ni mtu mwenye sauti ya upole na haraka isiyoisha.

Mwaka jana tulipata kazi ya kupima malisho ya kijiji cha Mkongoroni, huko ndani kutoka Mlandizi. Ni nchi kavu kuliko watu wanavyodhani wakisikia neno Pwani: nyasi fupi, migunga, na mvua inayokuja ikijisikia. Wenyeji wake ni wakulima wa Kiislamu wa siku nyingi, na wengi wana ng'ombe wawili watatu na mbuzi kadhaa. Kiangazi mifugo hutembea nusu siku kufuata maji mtoni. Kijiji kilitaka lambo palepale malishoni, yaani bwawa la kuchimba na kulizungushia tuta ili likinge maji ya mvua. Lakini lambo halichimbwi popote tu. Lazima ijulikane chini kuna nini. Kazi yetu ilikuwa kuchimba mashimo sita yenye kina cha sentimita mia na themanini, kusoma tabaka zinazoonekana ukutani, kuchukua sampuli za kila tabaka, na kuupa udongo wa kila mahali jina lake.

Mchimbaji tulipewa na kijiji. Alikuwa Mfaume, mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mchimba visima na vyoo, na ndiye aliyekuwa akiadhini msikitini. Nilimpenda tangu shimo la kwanza. Kuta zake zilinyooka, na hakuniuliza mara mia mwanamke anatafuta nini porini. Mimi nilimwita mjomba, yeye akaniita mwanangu, na kwa siku tano tulifanya kazi vizuri kabisa.

Shimo la tano lilinifurahisha sana. Kuanzia juu hadi chini lilikuwa udongo mfinyanzi mweusi, ule ambao kiangazi hupasuka hadi mkono unaingia kwenye ufa, na ukilowa huvimba na kuziba nyufa zake wenyewe. Vitabuni unaitwa Vertisol. Unamsumbua mkulima, jembe linamtoa jasho, lakini kwa lambo ni zawadi kwa sababu maji hayapenyi.

Siku ya shimo la sita ilikuwa Ramadhani, mwezi wa tatu, kabla masika hayajaanza. Evodius alitushusha asubuhi, akaenda zake na gari kwenye shughuli nyingine, akasema atatufuata saa tisa. Na siku hiyo mimi nilikuwa sisali. Wanawake wameshanielewa, na wanaume wenye dada wameelewa pia. Dini imeniruhusu, nitalipa siku zangu baadaye, hakuna dhambi. Lakini nani anasimama na chupa ya maji mbele ya mtu aliyefunga, anayechimba kwenye jua lile? Kwetu anayekula mchana wa Ramadhani tunamwita kobe, na kobe hujificha.

Basi nikajificha. Chupa niliiweka chini ya mifuko ya sampuli. Kila Mfaume alipokwenda kichakani, nilikuwa nageuka upande, napiga mafunda mawili ya haraka, najifuta mdomo kwa mtandio. Alikwenda mara nyingi siku ile, lakini si adabu kumhesabia mtu mzima safari zake za kichakani. Akirudi ananikuta nimeinamia kitabu changu cha rangi nikijifanya nalinganisha udongo wa kahawia na udongo wa kahawia zaidi. Nilijiona mwizi. Tena mwizi wa maji yangu mwenyewe.

Juu, shimo lile lilikuwa mchanga wa kijivu uliokuwa ukiporomoka. Tulipofika sentimita sitini, sululu iligonga kitu na kurudi. Ulikuwa mfinyanzi, mweusi kwa juu, mgumu kuliko sakafu. Mfaume alipiga tena, na tena. Vikabanduka vipande vya ukubwa wa kidole. Kisha akasimama, akaegemea ukuta, na nikaona mikono yake inatetemeka na jasho linamtoka hata kwenye kope.

"Huu umekaa vibaya, mwanangu," alisema. "Nipe dakika kumi nipumzike, halafu niendelee."

Alisema aendelee. Hilo nalikumbuka kila siku. Hakuomba kuacha.

"Basi mjomba, panatosha," nikamwambia. "Ni uleule wa jana."

"Panatosha kweli? Jana tulikwenda chini sana."

"Panatosha."

Ningependa kusema nilimwonea huruma, na ni kweli nilimwonea. Lakini huruma ilikuwa nusu tu. Nusu nyingine ni kwamba nilitaka shimo lile liishe ili niache kujificha. Tumbo langu lilikuwa limejaa maji, na sikuweza kumtazama mtu mwenye kiu usoni nikamwamuru apige sululu mita nyingine nzima.

Akafukia, akaniaga, akarudi kijijini mapema. Mimi nikatembea hadi shimo la tano, ambalo lilikuwa bado wazi, nikakata sampuli upya kwenye ukuta wake na kuzitia kwenye mifuko iliyoandikwa namba sita. Fomu nikanakili. Kisha, kwa kuwa mashimo mawili hayafanani kabisa hata siku moja, nikabadilisha namba hapa na pale ili uongo ufanane na ukweli. Nilifanya kazi hiyo kwa makini. Naona aibu zaidi kwa ule umakini kuliko kwa lolote lingine.

Maabara ilisema mashimo mawili yana udongo mmoja. Ingesemaje vingine? Na kwa kuwa shimo la sita lilikuwa mahali pa chini zaidi, tena karibu na kijiji, ripoti ikapendekeza lambo lichimbwe pale. Mwezi wa nane wanakijiji wakachimba. Walipofika kwenye ule mfinyanzi mgumu walifurahi, wakasema mtaalamu hakukosea. Vuli ikalijaza. Nilitumiwa picha ya ndama wakinywa ukingoni, nikamwonyesha mama nilipokwenda Masaki, naye akaipeleka kwa majirani.

Siku ya tisa tangu lambo lijae, simu yangu ikaita. Alikuwa Tatu, mwenyekiti wa kamati ya lambo, mama mwenye ng'ombe wanne na maneno yaliyonyooka.

"Dada, njoo uangalie udongo wako," alisema, akakata.

Nilikwenda kwa bodaboda kutoka Mlandizi. Tuta lilikuwa limefunguka katikati. Upande uliobaki ulikuwa na matundu kana kwamba panya wamehamia humo, na maji kidogo yaliyosalia chini yalikuwa meupe. Nikashuka ndani. Kwenye ngema, ule ukuta wa ardhi iliyokatwa, mara tu baada ya zile sentimita sitini, ulianza udongo uliosimama kwa nguzo nguzo, kila nguzo ina kichwa cha mviringo chenye weupe kwa juu, vimepangana kama maandazi kwenye sinia. Mwanafunzi wa mwaka wa pili akiuona huo haulizi mtu. Ni udongo wa magadi, Solonetz. Ukikauka ni sakafu, ukipata maji unayeyuka. Hauwezi kushika tuta. Kama tungeshuka sentimita kumi tu zaidi, ningeviona vile vichwa.

Nilimwomba Tatu, aliyekuwa akinisubiri ukingoni, glasi ya maji. Akaleta kutoka nyumba ya jirani. Nikatumbukiza donge la udongo ule, tukasimama tunaangalia. Halikuchukua muda. Donge lilijifungua lenyewe, maji yakawa maziwa.

"Kipimo chenyewe ndiyo hiki?" Tatu aliuliza. "Glasi ya maji?"

"Ndiyo, mama."

"Na hukukifanya?"

Hapo ndipo ningesema. Palikuwa na sisi wawili tu, na ukweli ulikuwa mfupi. Badala yake nikasema sampuli zilionyesha vingine. Tatu akaitazama glasi, akanitazama mimi.

"Basi Mfaume hakufika chini," alisema polepole. "Siku ya shimo la mwisho alirudi mapema. Watu walimwona."

Nikanyamaza. Sikusema ndiyo, sikusema hapana, na nilipokuwa narudi nyumbani nilijidanganya kwamba kunyamaza si kusema.

Evodius alipenda maelezo hayo kuliko nilivyotegemea. "Mchimbaji hakufika kina, na wewe ulimwamini," alisema kwa ile sauti yake. "Ni jambo linaloeleweka. Usiongeze maneno." Sikuongeza. Kwa miezi miwili sikuongeza neno, na huko Mkongoroni hakuna aliyemwita Mfaume kuchimba hata choo. Watu wakaanza kumtania kwamba adhana yake nayo siku hizi anaikatisha njiani. Tatu ndiye aliyenieleza hayo kwenye simu, na hakuwa anacheka.

Mkutano wa kijiji ukaitishwa mwezi wa kwanza, kwenye darasa la shule ya msingi. Watu wazima walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kifuani. Mimi na Evodius tulipewa viti mbele, pembeni ya ubao ulioandikwa hesabu za kugawanya. Mfaume alikaa safu ya tatu, karibu na dirisha. Nilimwamkia shikamoo nilipoingia, akaniitikia marahaba bila kunitazama.

Evodius alieleza vizuri. Yeye hueleza vizuri kila kitu. Aliposema kwamba shimo moja halikufikishwa kina na aliyelichimba, vichwa vyote viligeukia dirishani. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Yahya, akamwambia Mfaume asimame aseme lake.

Mfaume alisimama akashika kingo za dawati. Nilimsubiri anitaje. Nilikuwa hata nimeshatayarisha uso wa kushangaa, Mungu anisamehe.

"Sina la kusema," alisema. "Shimo halikufika." Akakaa.

Minong'ono ikazidi. Mzee Yahya akagonga meza. "Jamani, tuwe na ubinadamu. Ilikuwa Ramadhani, na jua la mwezi wa tatu mnalijua. Mtu alikuwa kwenye swaumu, nguvu zikamwishia. Swaumu yake ndiyo itakayomwombea. Tumsamehe, tuangalie mbele."

Watu wakaitikia. Wengine walisema maskini, wengine wakasema haya yameisha. Nilidhani Mfaume angepumua. Badala yake aliinamisha kichwa hadi kikafika kwenye ubao wa dawati, akakaa hivyohivyo, na nikaona shingo yake imeiva. Sijawahi kuona mtu aliyesamehewa akaumia vile. Nikajiambia hiyo ndiyo aibu ya mtu mwadilifu anayebebeshwa uvivu usio wake, tena uvivu niliomtwika mimi. Nikashindwa kukaa.

"Hakuchoka yeye," nikasema, na nilikuwa nimeshasimama. "Aliniomba dakika kumi aendelee. Mimi ndiye niliyemwambia panatosha. Nikaandika mia na themanini kwenye fomu. Udongo nikauchukua shimo la tano, nikautia kwenye mifuko ya shimo la sita. Maabara ilipima udongo ambao haukutoka pale."

Evodius alikohoa. Akakohoa tena.

"Kwa nini?" Mzee Yahya aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. Ingekuwa afadhali angeuliza kwa ukali.

Hilo ndilo swali nililokuwa nikilikimbia. Darasani mlikuwa na wanaume zaidi ya arobaini, wengine wa umri wa baba yangu. Niliutazama ubao, nikazisoma zile hesabu za kugawanya, nikajibu nikiwa bado nazitazama.

"Siku ile nilikuwa sisali. Nilikuwa nakunywa maji kwa kujificha, yeye amefunga. Nilishindwa kumwambia aliyefunga achimbe huku mimi nimekunywa."

Wanaume wote waligundua ghafla kwamba dari la darasa linahitaji kutazamwa. Tatu peke yake ndiye aliyenikazia macho.

"Kwa hiyo lambo letu limeuawa na kuona haya," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Sisi wanawake wa hapa tungekuelewa. Ungetuma mtu aje aniite, ningekuja kushika hiyo sululu."

Mkutano uliisha vibaya, kila mtu anasema na jirani yake. Evodius aliingia kwenye gari, akaniambia tutaongea Jumatatu, akaondoka bila kunisubiri. Mfaume naye aliondoka. Alipita karibu yangu kabisa mlangoni, akasita kama anayetaka kusema neno, kisha akaenda zake. Nikasema moyoni, amenichukia, na ana haki.

Jumatatu nilipewa barua ya kuachishwa kazi, nami simlaumu aliyeiandika. Jumamosi iliyofuata niliazima sululu na koleo kwa jirani yangu wa Misugusugu, nikaenda Mkongoroni peke yangu. Ndani ya lambo ngema zilikuwa zimeporomoka, tabaka zimechanganyika, kwa hiyo nilipiga hatua ishirini kutoka ukingoni, mahali ambapo ardhi haijaguswa, nikaanza kuchimba. Nilitaka kijiji kipate karatasi moja ya kweli kuhusu mahali pale, hata kama haina muhuri wa mtu. Kufika saa tano nilikuwa sentimita arobaini tu na viganja vimechubuka.

Mfaume alikuja na dumu la lita tano begani. Hakunisalimia, wala hakunipa nafasi ya kumwamkia. Aliliweka dumu ukingoni mwa shimo, juani, mahali ambapo mtu yeyote anayepita malishoni angeliona. Akalifungua, akanywa muda mrefu, kisha akanisogezea.

"Kunywa."

Nikanywa.

"Mwaka wa nne huu nina sukari," alisema. "Daktari wa Mlandizi alinikataza kufunga. Ajuaye ni mke wangu tu. Ningewaambiaje watu, mimi ninayewaadhinia magharibi wafuturu?"

Nilibaki nimelishika dumu.

"Kile kichaka ulichokuwa ukiniona naenda, dumu langu lilikuwa pale. Na vipande vya muhogo. Ile mikono kutetemeka ilikuwa sukari imeshuka. Nilitaka dakika kumi nikale, nirudi nichimbe. Uliposema panatosha, nilijua hapatoshi. Nimechimba ardhi miaka thelathini. Lakini nikafurahi, mwanangu, maana nilikuwa nimechoka kukuficha."

"Mjomba," nilisema. "Tulikuwa wawili tu porini."

"Wawili tu."

Akashuka shimoni, akanipokonya sululu. Alipiga mara tatu nne, kisha akasimama.

"Kinachoniuma ni Yahya," alisema. "Kanisamehe kwa swaumu ambayo sikuwa nayo, watu wote wakaitikia. Wewe ulisimama ukasema yako. Mimi nililala kwenye dawati."

Sikumwambia kwamba haidhuru, kwa sababu inadhuru. Alisema Ijumaa baada ya swala atawaeleza watu. Sijui kama atafanya, na sikumuuliza mara ya pili. Tulipokezana, yeye sululu, mimi koleo. Kwenye sentimita sabini vikatokea vile vichwa vya mviringo, vimepangana, vyeupe kwa juu. Mfaume akapapasa kimoja kwa kidole gumba, akaonja ule weupe, akatema.

Tepu ilisoma mia na themanini saa tisa kasoro. Aliniambia nipime tena, nikapima tena. Kutoka sentimita sitini hadi pale zilitumika saa tatu na lile dumu la maji, na kila mmoja alikunywa mbele ya mwenzake.